Mvua imetufungia ndani siku ya nne: kwenu mnakaaje na watoto wadogo?

MamaWatatu (Tukuyu)

Wanajamvi, habari za Jumamosi.

Kwetu Tukuyu leo ni siku ya nne mvua haijakata. Inapungua mpaka inakuwa manyunyu, unasema afadhali, unatoa nguo nje, hujamaliza kubana ya tatu imerudi. Mlima Rungwe sijauona tangu Jumanne. Wanaoujua mji huu hawatashangaa. Mvua inaanza Novemba, Aprili ndiyo yenyewe, na Mei ikiingia watu bado wanatembea na miavuli.

Nina watoto watatu: wa miaka sita, wa miaka minne, na mdogo wa mwaka mmoja na nusu ambaye ndiyo kwanza miguu imekolea na hataki kukaa. Nilihamia huku nikitokea Dar kumfuata mume wangu kikazi. Msimu wangu wa kwanza wa mvua ulinitesa sana. Kule Dar mvua ikinyesha saa mbili, jua linatoka, watoto wanarudi nje. Huku nilijikuta ndani na watoto wawili wanaogombana kuanzia saa moja asubuhi, mimba ya tatu tumboni, nguo zinanuka uvundo, na televisheni inawaka mpaka umeme ukatike. Umeme ukikatika, vilio. Kuna siku nilikaa jikoni nikalia nao.

Aliyenitoa hapo ni mama mkwe. Alikuja kutoka kijijini kunisaidia nilipokaribia kujifungua, akakuta ile hali, hakusema neno. Siku ya pili asubuhi aliburuta mkungu wa ndizi mpaka katikati ya jikoni, akaketi kwenye kigoda, akamwita mkubwa wangu: "Njoo mjukuu wangu, kazi hii imenishinda, naomba unisaidie." Mtoto akaja mbio. Mdogo wake naye akafuata.

Akawapaka mafuta ya kula viganjani, taratibu, kidole kwa kidole, kwa sababu ndizi mbichi zina utomvu na ukikauka mkononi hautoki kwa maji. Kisu alishika yeye. Alichana ganda kwa urefu, mstari mmoja, kisha akampa mtoto ndizi alibandue ganda kwa vidole. Mwingine kazi yake ilikuwa kuzitumbukiza kwenye sufuria la maji zisiwe nyeusi. Magimbi hakuwapa kabisa, alisema yanawasha, hayo ni ya bibi. Walikaa pale saa nzima na zaidi. Sikusikia ugomvi hata mmoja. Mchana walikula ndizi zile kama watu wawili wenye shamba, mkubwa anamwambia mwenzake, "hii niliimenya mimi."

Tangu siku ile nimeacha kuwatafutia watoto shughuli mvua ikinyesha. Nawaingiza kwenye shughuli zangu. Nikichagua mchele, nao wana ungo wao mdogo na mchele wao kiganja kimoja. Nikikunja nguo, soksi ni za wa kati: atafute pacha wa kila moja. Nikikanda unga wa maandazi, kila mmoja ana donge lake. Kazi inachukua muda mara mbili, na jikoni panakuwa unga mtupu, lakini siku inakwenda na tunaongea. Mkubwa wangu amenieleza mambo ya shuleni akiwa anakanda unga ambayo nikimuuliza uso kwa uso hasemi.

Jambo la pili alilotufundisha ni hadithi. Nyumba yetu ni ya bati bila dari upande wa sebuleni, kwa hiyo mvua ikikaza huwezi kumsikia aliye karibu nawe. Mama mkwe alikuwa anaanza, "Hadithi, hadithi!" watoto wanaitikia, "Hadithi njoo, utamu kolea!" Sungura anamkaribia Fisi, mara mvua inashuka kwa kishindo. Bibi ananyamaza. Hapandishi sauti. Anakaa tu na mikono mapajani anaangalia juu. Watoto nao wanaangalia juu, wamebana pumzi, wanasubiri bati linyamaze. Likipungua tu anaendelea palepale alipoachia, kwenye neno lilelile. Mimi mtu mzima nilikuwa nasimama mlangoni na mwiko mkononi nasubiri nijue Fisi kafanywa nini.

Sasa naomba mnisaidie, maana bado nina matatu yananitatiza:

Nguo za mtoto hazikauki. Wa kati anaogopa radi mpaka anajificha uvunguni na hatoki. Na huyu mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, hizi kazi za kukaa hazimfai, anataka kukimbia, na ndani penyewe padogo, halafu kuna beseni katikati ya sebule kwa sababu bati linavuja na fundi hapandi juu mpaka mvua ikatike.

Kwenu mnafanyaje?

Mpita Njia

Naweka kambi hapa. Nimekumbuka bibi yangu, Mungu amrehemu.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo (Unguja)

Mwanangu, umenifurahisha. Sie huku masika huanza Machi mpaka Mei, na watoto wa siku hizi mvua ikinyesha kila mmoja na simu yake. Kwangu mie wajukuu wakija husuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka. Najua kwenu bara hamna miyaa, yale majani ya kusukia, kila mahali, lakini nikwambie ilivyo.

Miyaa ikishakauka huichana chane nyembambanyembamba. Chane zikiwa kavu sana hukatika, kwa hivyo huzirowesha kidogo. Na siku ya mvua hewa yenyewe ina unyevu, chane zinakuwa laini, zinasukika vizuri kuliko siku ya jua kali. Ndiyo maana mama zetu mvua ikinyesha walikuwa wanakaa ukumbini wanasuka. Mtoto wa miaka mitano sita mie humuanzisha na chane tatu, kama msuko wa nywele. Akishashika mkono humuongezea. Ukili wake wa kwanza huwa umepinda, huku mpana huku mwembamba, lakini siufumui. Huukunja nikauweka. Nina ukili wa mjukuu wangu wa kwanza, sasa hivi yuko chuo.

Kama huna miyaa, tumia mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani, akupe vile vipande anavyotupa. Chana utepe, mfunge ncha tatu kwenye mguu wa kiti, asuke.

Na huyo wa mwaka na nusu mpe sufuria na mwiko. Atapiga ngoma akishindana na mvua. Msiwakataze makelele siku ya mvua, nani atawasikia?

Mwalimu wa Sayansi

Mleta uzi, kuhusu radi nakupa njia niliyotumia kwa binti yangu, ambaye alikuwa vilevile.

Mtoto anaogopa radi kwa sababu inamshtukiza. Mpe kazi ya kuihesabu. Mwanga ukimulika, anzeni pamoja: moja... mbili... tatu... polepole, kwa mwendo wa sekunde, mpaka ngurumo isikike. Mwanga unafika papo hapo, sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Mkihesabu mpaka 12, radi ilipiga kilomita 4 kutoka kwenu. Binti yangu alitoka uvunguni siku alipogundua hesabu inaongezeka. Alinijia anakimbia, "Baba, sasa imefika ishirini, inaondoka!" Sasa yeye ndiye anatuhesabia nyumba nzima.

Ila tusiwafundishe kwamba radi ni mchezo. Mkihesabu chini ya 30, iko karibu vya kutosha kudhuru mtu aliye nje. Mkae ndani, mchomoe televisheni na vitu vya umeme kabla haijakaribia, msioge wala kuosha vyombo kwenye bomba wakati inapiga, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na kamwe asikimbilie chini ya mti.

Kwa huyo wa miaka sita, mtengenezee kipima mvua. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, la maziwa ya unga linafaa sana. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti na mbali na maji yanayochuruzika kwenye bati, ulizungushie mawe lisiangushwe na upepo. Vituo vya hali ya hewa husoma mvua saa 3 asubuhi, na yeye asome saa hiyohiyo. Anatumbukiza rula wima, anasoma milimita, anaandika kwenye daftari, anamwaga, anarudisha. Angalieni sifuri ya rula inaanzia wapi, nyingi zina nafasi kidogo kabla ya mstari wa kwanza.

Hapo ndipo utamu unapoanza. Milimita 1 ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Bati lenu likifunika mita 40 za mraba na kopo likasoma milimita 20, juu ya vichwa vyenu zimepita lita 800, yaani ndoo 40 za lita ishirini. Mwambie hivyo halafu mwangalie uso wake.

MamaWatatu

Mwalimu, nimekusomea kwa sauti. Mkubwa ameshaenda kutafuta kopo, nimemkuta anataka kumwaga maziwa yaliyobaki, nimemuwahi.

Bi Mkubwa, shikamoo. Vitambaa nitaomba Jumatatu. Na sufuria ameshapewa, namsikia hapa.

Baba Mapacha (Njombe)

Dada, nimeingia kwa sababu ya lile swali la nguo. Naomba wote wanaosoma wanisikilize.

Njombe ni baridi, mnajua. Mwaka juzi mvua ilinyesha wiki nzima, nguo za mapacha hazikauki, wana miezi minane. Mke wangu akaingiza jiko la mkaa chumbani, akatundika nguo kwenye kamba juu yake, akafunga mlango na dirisha joto lisitoke. Akalala na watoto. Mimi nilikuwa safarini, nimerudi saa tano usiku. Kama ningefika saa niliyopanga kufika, yaani asubuhi, nisingekuwa na familia. Nimegonga mlango, kimya. Nimegonga dirisha, kimya. Nimevunja. Mke wangu alikuwa anafumbua macho hanitambui. Mtoto mmoja alikuwa amelegea, shingo haikai. Tuliwatoa nje kwenye mvua, tukawapeleka hospitali na bodaboda mbili. Walipona wote, namshukuru Mungu kila siku.

Moshi haukuwepo. Mkaa ulikuwa mwekundu, umekolea vizuri, chumba hakina harufu yoyote. Ndiyo maana nasema. Watu wanadhani hatari ni moshi.

Sasa hivi nguo tunakausha hivi: tunakamua sana, tunaviringisha nguo ya mtoto ndani ya taulo kavu na kulikanyaga, halafu tunatundika jikoni kwenye banda la nje ambako kuna paa lakini kuta ziko wazi. Asubuhi zile chache za lazima tunapiga pasi. Jiko la mkaa halivuki kizingiti cha chumba cha kulala.

Muuguzi wa Zamu

Baba Mapacha, pole sana, na asante kwa kulisema. Nakazia kidogo halafu nikapumzike, nimetoka usiku.

Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaingia kwenye damu ikizuia oksijeni isibebwe. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito, na kwa kuwa mtu anasinzia, anadhani ni joto zuri la moto. Mtoto huzidiwa upesi. Ukikuta watu wawili watatu kwenye chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja na kuna jiko, toka nao nje kwanza, maswali baadaye, kisha hospitali. Kufungua dirisha kidogo na kuendelea kulala na jiko si kinga.

Pia msimu huu mbu wanaongezeka. Makopo ya mvua yamwagwe kila siku kama mwalimu alivyosema, yasiachwe na maji. Chandarua chenye dawa kila usiku. Mtoto akipata homa msianze na dawa za dukani, apimwe malaria ndani ya saa 24.

Na kuhusu televisheni, kwa sababu mama ameitaja: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Siandiki kumhukumu mzazi yeyote. Mimi mwenyewe nikitoka zamu ya usiku na mvua inanyesha najua ilivyo ngumu. Hadithi za bibi ni dawa, endelea nazo.

Mkazi wa Bondeni (Dar es Salaam)

Nimesoma uzi wote. Mnaandika vizuri, na kuna mengi ya kujifunza. Lakini nataka kusema upande mwingine, msinichukie.

Mimi nilikulia Jangwani, ukingoni mwa Mto Msimbazi. Desemba 2011 maji yalipoingia nilikuwa na mtoto mmoja wa miaka miwili. Tulipanda juu ya bati la jirani tukakaa huko mpaka mchana. Watu wengi walipoteza maisha jiji zima siku zile. Baadaye serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande. Sisi hatukuwa wapangaji wa kwenye orodha, tukahamia bondeni kwingine, na ndipo nilipo.

Kwangu mvua ikianza usiku sisikii utamu wa bati. Naamka nasimama dirishani namulika tochi kwenye mfereji. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki viko kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, unaning'inia msumarini juu. Viatu vya watoto vinalala mlangoni, kila jozi imeelekea nje. Aprili na Mei 2024, mvua zile za El Niño na baadaye tangazo la Kimbunga Hidaya, watoto wangu walilala na nguo za kutokea karibu wiki.

Ninachotaka kuuliza ni hiki: mtoto aliyezaliwa kwenye hofu ya mvua, unamfanyaje aipende? Wa kwangu wa miaka mitano akisikia ngurumo anakwenda kuvaa viatu.

MamaWatatu

Kaka, au dada, samahani sijui. Nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nimemsomea mume wangu. Wala hakuna wa kukuchukia.

Sina jibu la kukutosha. Sisi tuko mlimani, maji yanatupita yanashuka kwa wengine, na sikuwahi kuliwaza hilo nikiwa nimekaa na chai yangu. Viatu vilivyoelekea nje vimenikaa moyoni.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo (Unguja)

Mkazi wa Bondeni, pole mwanangu. Mtoto anayekwenda kuvaa viatu ngurumo ikilia ana akili na ana mzazi aliyemfunza. Usimtoe viatu. Mwache avae, kisha mkalishe mapajani na viatu vyake miguuni, umpigie hadithi hapohapo mlangoni. Mkihitaji kukimbia, mko tayari. Msipohitaji, amepata hadithi.

Mkazi wa Bondeni (Dar es Salaam)

Hapo mlangoni na viatu vyake. Nimekuelewa, bi mkubwa. Ahsante. (Mimi ni baba.)

Mwana Kagera (Bukoba)

Nimechelewa lakini nimefika. Wana Bukoba tuko wapi?

Kwetu mvua ina neema yake, senene. Novemba mvua zikishakolea, usiku wanashuka kwenye taa kwa wingi. Zamani watoto tulikuwa tunaamka alfajiri kabla jua halijapasha majani, senene wamelowa hawawezi kuruka, unawaokota kwenye nyasi kama maharage. Siku hizi wengi tunanunua kwa wategaji wenye mabati na mataa makubwa, ila kazi ya ndani haijabadilika: kuchambua.

Mnaketi wote kwenye mkeka, senene katikati kwenye beseni. Unamshika, unatoa mbawa, unatoa miguu, unatoa papasi, vile vijinywele virefu vya kichwani. Ile miguu ya nyuma ina miba, inachoma vidole, kwa hiyo mtoto mdogo anapewa waliokwisha tolewa miguu, yeye ni mbawa tu. Mwanangu wa miaka minne anawapanga kwa rangi kwanza, kijani huku, kahawia huku, akibahatika mmoja wa zambarau anapiga kelele. Kilo moja inaweza kula asubuhi nzima ya mvua. Halafu sufuria kavu, moto mdogo, hatuweki mafuta kwa sababu wanatoa mafuta yao wenyewe, kitunguu na chumvi mwishoni. Harufu ile ikichanganyika na harufu ya udongo uliolowa, mimi popote nilipo duniani nitakuwa niko kwa mama.

Kwa huyo wa mwaka na nusu: michezo ya kuruka. "Nyama, nyama, nyama!" haihitaji nafasi. Mmoja anataja mnyama, anayeliwa mnaruka mnaitikia "nyama!", asiyeliwa mnanyamaza. Wa kwangu mdogo alikuwa anaruka kwa kila kitu, hata akitajwa paka. Dakika ishirini za hiyo wanalala wenyewe.

Mpita Njia

Mwana Kagera, kwetu Songea ni kumbikumbi. Baba anawasha taa moja, chini yake beseni la maji. Watoto tunaogopa kupepesa macho. Umenirudisha mbali.

Baba Mapacha (Njombe)

Hilo la "nyama" nimelijaribu sasa hivi na mapacha, wana miaka miwili na ushee. Wanaruka. Nyumba inatikisika. Mama yao anacheka, nimeona niwaambie.

MamaWatatu

Narudi na taarifa, leo Jumatatu.

Kopo limesoma milimita 31 jana na 26 leo. Mkubwa ameandika kwenye daftari na ametaka kujua bati letu lina ukubwa gani, kwa hiyo jana jioni baba yake amepima nyumba kwa hatua, wakiwa wawili na mwavuli mmoja. Wamepata kama mita 54 za mraba. Akazidisha kwa 31 na kalamu yake, amekosea mara mbili, ya tatu amepata: lita 1,674. Alikaa kimya kabisa akiangalia juu. Leo amemwambia baba yake tununue tangi.

Wa kati hajatoka uvunguni kikamilifu. Radi ya jana usiku alikuwa bado kule, lakini anahesabu. Tunasikia sauti kutoka chini ya kitanda, "saba... nane... tisa." Nililala sakafuni karibu naye tukahesabu wote, tukafika kumi na nne. Naona ni hatua.

Chumba cha kulala nimekikagua baada ya bandiko la Baba Mapacha. Sikuwahi kulaza jiko ndani, lakini nilikuwa naliingiza jioni kupasha joto kabla ya watoto kuoga. Nimeacha.

Jana tulimpigia mama mkwe simu, ikawekwa sauti kubwa katikati ya mkeka. Kwao nako ilikuwa inanyesha. Alipofika katikati ya hadithi bati la kwake likaanza, akanyamaza. Halafu la kwetu nalo likaanza. Watoto wakakaa wanaitazama simu, hakuna aliyesema neno, mpaka kote kuwili kukatulia, akaendelea.

Baada ya hapo vikaja vitendawili. Zile za kawaida wameshazijua zote, kuku wangu katagia miibani, nyumba yangu haina mlango. Mkubwa akasema ana chake alichokitunga mwenyewe na bibi kashindwa. Ameniomba nikilete kwenu. Naandika anavyosema:

Kitendawili!

Mwana Kagera (Bukoba)

Tega!

MamaWatatu

"Mgeni wetu hapiti mlangoni, akija tunamkimbilia na beseni."

Mpita Njia

Kumbikumbi!

MamaWatatu

Anasema kumbikumbi wanapita mlangoni, na dirishani pia. Siyo.

Mwalimu wa Sayansi

Panya?

MamaWatatu

Amecheka. Anasema panya anakimbiliwa na ufagio.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo (Unguja)

Mie nimeshindwa mjukuu wangu. Nikupe mji?

MamaWatatu

Anautaka. Anataka wenye machungwa.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo (Unguja)

Basi chukua Muheza.

MamaWatatu

Anasema: "Nimekwenda Muheza, nimekula machungwa, mengine nimemletea bibi, na watoto wa bondeni nimewapa. Jibu ni mvua inayovuja sebuleni kwetu."

Fundi amesema atakuja kesho ikikatika.